Kuyafuata Maneno Yangu Malindi

Mmeniuliza, wenzangu mnaokaa nami barazani kusuka ukili wa mikeka, safari yangu ya mjini ilikuwaje, na kwa nini nimerudi nimenyamaza. Kila mmoja aliuliza kwa wakati wake, na kila mmoja nilimjibu neno moja, kisha nikaona majibu yale yaliyokatwakatwa yanazunguka kijijini yakiwa na sura nyingine. Kwa hiyo nimemketisha mjukuu wangu Ramla na kalamu yake. Mimi nasema, yeye anaandika. Sikupata kuingia skuli na herufi sizijui. Hata hivyo nalijua neno lililonyooka na neno lililopinda, na nimemwonya Ramla asipinde chochote. Akimaliza atawasomea mara moja, nyote mkiwa mmekaa pamoja, ili asiwepo wa kusema kwamba yeye alisikia vingine.

Jongowe hadi Mkokotoni

Kwanza nieleze kilichonitoa nyumbani, kwa kuwa miongoni mwenu wamo waliokuja hapa Jongowe, Tumbatu, kwa kuolewa. Marehemu baba yangu alikuwa Mtumbatu aliyehamia Unguja shamba, mbele ya Kizimbani, akisimamia karafuu za mtu. Jina la shamba sitalitaja. Zilipokuja siku zile ambazo watu wa kisiwa waliuana, mimi nilikuwa mtoto wa kuokota karafuu zilizoanguka chini. Watu walibisha hodi, wakamtoa baba, na hakurudi. Hatukupata maiti ya kuosha wala kaburi la kuzuru. Mama alituchukua akaturejesha huku kwa watu wake, na jambo hilo likakaa ndani yangu kama kijiwe katika mchele: hukioni mpaka ukitafune.

Miaka michache iliyopita alikuja binti wa mjini, jina lake Rahma, kutoka nyumba moja iliyoko Malindi, mtaa wa mjini Unguja, inayohifadhi sauti za watu waliopitiwa na mambo kama yangu. Alikaa kwangu, akala kwangu, akauliza kwa adabu, na mashine yake ikinasa sauti yangu na mikono yangu inayosuka. Nilikubali kusema kwa sababu moja tu. Nilitumaini kwamba nikishazikwa, mtu anayejua baba yangu alipolazwa atasikia, na atawaambia wajukuu zangu. Nikaweka masharti: sura yangu isionekane, sauti yangu isitambulikane, na maneno yasitoke nje ya nyumba ile maadamu mimi ni hai. Rahma akanishika mkono akasema, “Bibi, hii ni amana.” Kwangu mimi neno hilo lilitosha.

Sasa mnaikumbuka siku ile barazani. Mwanahawa, najua nawe unasikiliza, vumilia. Tulikuwa tunasuka, naye akatoa simu yake akasema, “Hebu mtazameni mwanamme huyu anayesuka ukili!” Sauti iliyotoka kwenye simu ilikuwa nzito kama ya fahali, na juu ya kioo palionekana mikono miwili tu, bila ya uso. Mlicheka nyote. Nami nilicheka, Mola anisamehe, kabla sijatazama. Kisha kicheko kikakatika, kwa kuwa hapana mwanamke wa Jongowe asiyekijua kidole changu cha mwisho kilichopinda, wala namna ninavyougeuza ukili ninapofika ukingoni. Tumekaa pamoja umri mzima tukitazamana mikono, si nyuso. Sauti ile ya fahali ikasema, “Baba alitoka bila ya viatu,” na mkanigeukia mimi.

 Maneno ambayo sikupata kumwambia hata marehemu mume wangu yalikuwa yanatoka mkononi mwa Mwanahawa, kwenye simu yake.

Niliondoka asubuhi iliyofuata pamoja na wifi yangu Siti, dada wa marehemu mume wangu. Sikumwalika. Nilimkuta ufukweni amekwisha kukaa, na kikapu kikubwa kitupu kichwani.

“Kikapu cha nini, wifi?”

“Cha kutilia maneno yako. Au utayabeba mdomoni kurudi nayo?”

“Siti, siendi kwenye mzaha.”

“Ndiyo maana nnakwenda mimi. Wewe mtu akikuangalia usoni tu anatubu.”

Maji yalikuwa yametoka na boti imekaa mchangani kama ng'ombe aliyelala. Tulingoja hata yaliporudi. Siti alikula mkate wa ufuta niliouweka kwa ajili ya njiani, wote, akasema ameupunguza uzito. Mimi sikuwa na njaa. Nilikuwa naitazama simu ya kila abiria na kujiuliza ni ipi iliyonibeba.

Mkokotoni hadi mjini

Mkokotoni tulipata gari la kubebea mwani mkavu, linalokwenda mjini. Dereva alitupisha mbele kwa heshima ya umri wetu, na Siti akampa habari zetu zote kabla hatujafika mbali. Nilimfinya. Akasema, “Unanifinya kwa nini? Mwenyewe umo ndani ya simu.”

Tulipofika karibu na Mahonda, dereva alizima gari katikati ya njia, akavua viatu vyake vya mpira akavaa makubadhi, akateremka. Jeneza lilikuwa linapita. Watu walikuwa wengi, wanapokezana, kila mmoja anatia bega hatua chache kisha anampisha mwenzake.

“Nani kafariki?” nilimwuliza.

“Simjui, Bibi. Lakini nshaliona jeneza, siwezi kulipa mgongo.”

Akatuacha na mwani wake, akamfuata mtu asiyemjua mpaka kaburini. Wanawake hatwendi, basi tulikaa ndani ya gari katika jua kali na harufu ya bahari iliyokauka. Mwanamke mmoja wa nyumba ya jirani alituona akatuletea muhogo wa nazi katika sahani ya bati, akarudi ndani bila ya kutuuliza majina. Siti alikula. Mimi niliutazama umati ule mpaka ulipopotea nyuma ya mikarafuu. Mgeni wa mtu, dereva wa mwani, aliacha kazi yake kwenda kumfukia maiti asiyemjua, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa. Basi wale waliomtoa baba yangu walilelewa wapi? Si katika kisiwa hiki hiki?

Dereva alirejea na udongo mikononi. Akaipangusa kwa gunia la mwani, akawasha gari.

Malindi

Mimi naijua Malindi ya bandarini. Vichochoro vya ndani sivijui, na vimejengwa na watu wasiopenda kufuatwa. Tulizunguka tukarudi pale pale mpaka muuza vitambaa mmoja, Mhindi wa kuzaliwa mtaani humo, anayeitwa Bwana Kanji, alitoka dukani akasimama mbele yetu.

“Shikamoo, Bi mkubwa. Mshapita hapa, na mkiendelea hivi mtapita tena. Kaeni kwanza.”

Alituletea chai ya tangawizi na bajia. Nilimtajia nyumba tunayoitafuta. Akavikunja vitambaa ambavyo vilikuwa vimekwisha kukunjwa.

“Waliwahi kuja kwa mama yangu alipokuwa hai,” alisema. “Mama akaniambia, ‘Waambie nimekufa.’ Nikamwambia, ‘Mama, wanakuona dirishani.’ Akasema, ‘Basi waambie nimekufa nimesimama.’”

Siti alicheka mpaka chai ikamwagika. Bwana Kanji naye alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

“Alikuwa na la kusema?” niliuliza.

“Hilo ndilo nisilolijua mpaka leo, Bi mkubwa. Aliondoka nalo. Siku zile alikuwa msichana, na baada ya hapo hakutoka tena nje peke yake mpaka alipokufa. Mimi mwanawe sijui aliona nini.” Akasimama. “Twendeni, niwapeleke. Ni hapo nyuma tu.”

Nilimfuata huku hasira yangu imepungua kidogo, na sikupenda ipungue.

Ndani ya nyumba ya sauti

Rahma alipotuona mlangoni alisema, “Shikamoo, Bibi,” na kabla sijaitikia machozi yalikuwa yameshamtoka.

“Marahaba. Futa uso. Mimi sikuja kulia.”

Alituchukua ghorofani kwa mkuu wa nyumba ile, mwanamme wa makamo mwenye miwani na maneno laini. Alituambia kwamba mfanyakazi mmoja alikuwa anatengeneza tangazo la kuwaalika watu waje kusikiliza zile sauti ambazo wenyewe wameziruhusu. Akakata kipande kidogo cha sauti yangu na mikono yangu, akaamini kuwa bila ya uso, na kwa sauti iliyogeuzwa, hakumdhuru mtu. Hakujua kwamba mikono ni uso.

“Na mbona hamkuniuliza?”

“Bibi, Tumbatu ni mbali, nawe huna simu.”

“Tumbatu haikuwa mbali siku mliyoyataka maneno yangu.”

Aliinamisha kichwa. Akasema kipande kile wamekwisha kukifuta.

“Mmekifuta kwenu. Na kwa Mwanahawa atakifuta nani? Na kwa wale waliopelekewa na Mwanahawa?”

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikuwa nimelifikiri njiani. Nilikuja nikidhani nitayachukua maneno yangu kama mtu anavyochukua sufuria yake kwa jirani. Siti alikuwa ameukumbatia mdomo wa kikapu chake, tayari. Kumbe maneno ya siku hizi yakishatoka hayarudi, yanazaa.   

Rahma alitaka kuniliwaza. Alinichukua chumba cha pili akanionesha mashine zinazotunza sauti, zimefungwa kwa kufuli na kwa namba, akaapa kwamba baada ya kosa lile hakuna mtu anayezigusa peke yake. “Wapo walioweka masharti makali kuliko yako, Bibi, na hatujayavunja,” alisema kwa haraka, kama mtu anayejitetea. “Hata yule mzee aliyesimulia habari ya Mtumbatu na kisima cha shambani kule Kizimbani, mpaka leo—”

Akajiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe.

Wenzangu, niandikieni hili vizuri katika nyoyo zenu. Katika mashamba yale ya mbele ya Kizimbani, Mtumbatu alikuwa mmoja. Watu walimwita hivyo hivyo, Mtumbatu, mpaka baadhi yao hawakulijua jina lake. Alikuwa baba yangu.

Niliuliza, “Mzee huyo yu hai?”

“Bibi, siwezi kusema.”

“Angekuwa amekufa ungesema ‘marehemu’.”

Alikaa chini, sakafuni, akafunika uso kwa mtandio.   Umri wangu wote nilitafuta mtu mmoja anayejua, na kumbe mtu huyo yuko katika kisiwa hiki, anavuta pumzi, na sauti yake imo ndani ya kijisanduku kilichokuwa mbele ya magoti yangu.

Mkuu wa nyumba alikuja, akaelezwa, uso ukambadilika. Kisha akafanya jambo ambalo lilinishtua kuliko yote yaliyotangulia. Alifunga mlango, akateremsha sauti.

“Bibi, sisi tumekukosea. Kaa hapa, tukuwekee, usikilize habari ya baba yako. Hapana atakayejua. Kisha tuwe tumemalizana. Habari hii isifike kwingine.”

Akanitia mikononi vile vidude vya kuweka masikioni.

“Sikiliza, Kazija!” Siti alinishika bega. “Umri wote huu! Nini tena unachongojea? Vaa!”

Nilivishika. Vilikuwa vyepesi kama makumbi. Sitaki kuwadanganya kwamba sikuvinyanyua. Nilivinyanyua mpaka karibu na shavu. Kisha nikamtazama Rahma pale sakafuni, nikakumbuka mkono wake juu ya mkono wangu na neno lile, amana. Mzee yule naye alishikwa mkono. Alitamkiwa neno lile lile na mdomo ule ule, akakubali kufungua kifua chake. Nikivaa vidude hivi, mimi ni nani? Mimi ni Mwanahawa na simu yake. Tena mbaya kuliko Mwanahawa, kwa kuwa yeye hakujua.

Nikaviweka juu ya meza.

“Baba yangu sitampata kwa wizi,” nilimwambia mkuu yule. “Nawe usithubutu kunifungia mlango mara nyingine. Ufungue.”

Akaufungua.

“Nataka mshenga,” nikasema.

Mkuu wa nyumba alimtazama Siti, akamtazama Rahma. “Mshenga, Bibi? Wa... wa harusi?”

“Kheri!” Siti alidakia. “Bibi harusi huyu hapa, meno kakopa, lakini ukili anasuka!”

“Siti, kaa kimya kabla sijakurudisha Jongowe kwa miguu.”

Nikawafafanulia, na hapa nawafafanulia nanyi. Nyumba mbili zisizotazamana zikiwa na jambo baina yao, hatupeleki miguu yetu, wala hatuchungulii dirishani. Tunamtuma mtu anayeaminiwa na pande zote mbili. Anapeleka neno, analeta neno, na asichotumwa hasemi. Akikataliwa, hapana aliyefedheheka, kwa kuwa hapana aliyeonekana. Anayemjua mzee yule ni Rahma, na anayenijua mimi ni Rahma. Basi aende amwambie: mtoto wa Mtumbatu yu hai, na anauliza baba yake amelala wapi. Jina la mzee sitaki. Nyumba yake sitaki.

Mkuu wa nyumba alisema kanuni zao hazina jambo kama hilo. Nikamwambia kanuni zao hazikuwa na mikono yangu pia, na mikono yangu imefika kila pahala. Rahma alikwisha kusimama, anavaa viatu.

Chukwani

Tulikwenda kungojea Chukwani kwa Mwanaidi, binti wa Siti. Alitupokea kwa samaki wa kupaka na wali, akasema, “Karibu, mkaza mjomba, mbona umekonda?” Nilikula matonge mawili nikaosha mkono. Siti alikula sahani yake, akaja na yangu.

Kungojea si kazi ngeni kwangu, lakini kungojea kule hakukuwa na mfano. Zamani niliingojea habari isiyo na mwenyewe. Sasa ilikuwa na mwenyewe, na pengine wakati huo huo alikuwa anakunywa chai. Mwanaidi akiwasha redio nilimwambia azime. Kila mzee aliyepita njiani na mkongojo nilimtazama mpaka alipopotea, kisha nikajikemea. Siti aliniona.

“Si huyo,” alisema. “Huyo namjua, hajapata kuwa na siri, hata akila maharage mtaa unajua.”

Rahma alikuja mchana mmoja, jasho limemlowesha. Alikataa maji mpaka aseme.

“Amenisikiliza, Bibi. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Anauliza: baba yako alikuwa na alama gani mwilini au nguoni, siku ile?”

Mwanaidi akataka kutoka ili atupishe, nikamwambia akae. “Koti la kaki,” nilisema. “Vifungo vya shaba, isipokuwa kimoja cha juu. Hicho kilipotea, na mama akamchongea kingine kwa kifuu cha nazi, akakitoboa kwa msumari wa moto. Mimi ndiye niliyelishika koti wakati anakishona.”

Rahma alilirudia neno kwa neno, kama mtoto wa chuo cha Kurani, kisha akaondoka na chakula hakukigusa.

Aliporudi tena alikuwa mtulivu, na utulivu wake ulinitisha. Alikaa chini kwenye jamvi, mbele yangu.

“Nimetumwa hivi, wala sitaongeza,” alisema. “Amesema: ‘Kifungo cha kifuu. Ndiye. Mwambie binti yake kwamba hakuachwa kisimani. Nilimtoa mimi na mwenzangu ambaye amekwisha kufa. Tulimfunika kwa shuka, tukamlaza kuelekea kibla, na mwenzangu akamsomea. Maji ya kumwosha hatukuthubutu kuyachota.’”

 Alisomewa. Umri wangu wote, kila niliposoma khitma nyumbani kwangu, niliamini kwamba nalisomea tundu. Nilimwona kila mara kama alivyotoka mlangoni, bila ya viatu, na baada ya hapo sikumwona tena. Na kumbe palikuwa na watu wawili, katika siku zile za woga, waliomgeuza kuelekea kibla. Nilimshukuru Mola. Siti, ambaye hakuwahi kumwona baba yangu, alikuwa amejifunika kanga uso mzima na mabega yanamtikisika, na hakuna aliyemtania.

“Wapi?” niliuliza.

“Hilo, Bibi, amesema bado.”

“Bado?”

“Amesema, ‘Wanangu hawajui nilikuwa wapi siku zile, wala nilifanya nini kabla ya kumtoa. Nikimwonesha yeye mahali, watajua. Niacheni niwaambie wao kwanza, kwa ulimi wangu. Na nikifa kabla sijawaambia, sauti yangu ifunguliwe.’”

“Nini alifanya kabla?” Siti alifunua uso. “Muulize! Alikuwa nani, mwokozi au...”

“Siti.”

“Lazima tujue, Kazija!”

“Umetumwa hilo?” Nilimwuliza Rahma. Akatikisa kichwa. “Basi mshenga amemaliza. Mpeni chakula.”

Mjini hadi Jongowe

Kabla ya kuondoka nilipita tena Malindi. Mkuu wa nyumba alisimama niliposimama na kukaa nilipokaa. Nilimwambia maneno yangu yabakie kwake. Yalizaliwa ili yamtafute baba, na yamemfikia mtu. Lakini mikono iondolewe, na kila mwaka, Ramadhani ikishapita, Rahma aje Tumbatu aniulize upya kama bado naridhia. Mtu hubadilika, aliyeweka amana ana haki ya kuulizwa tena. Nikamwambia pia kwamba alichonipa kukisikiliza kwa mlango uliofungwa, asimpe mtu mwingine yeyote, awe mtoto wa maiti au mkubwa wa nchi. Alisema ataandika yote mawili. Nikamwambia kuandika si kitu, ayatende.

Haya mliyoyasikia juu ya mzee yule, nimeyaombea ruhusa kwake kwa mshenga huyo huyo. Mengine aliyakataa, na hamtayasikia hapa wala popote. Basi yeyote kati yenu atakayefunga safari ya kwenda kuulizia wazee wa mashambani, ajue kwamba ananivunjia mimi nyumba yangu.

Tulivuka kutoka Mkokotoni jua likiwa juu. Siti alikuwa ameketi juu ya kikapu chake kitupu, anabishana na mwenye boti. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni: mzee huyo ana umri gani, ana maradhi gani, atadumu mpaka lini. Akifa kesho, sauti yake inafunguka, nami nitasikia kila kitu: mahali, na kabla ya mahali. Hapo juu ya maji nilishtuka kuliko nilivyoshtuka barazani, na kuliko Malindi, na kuliko Chukwani. Nilikuwa nimeanza kungojea kifo cha mtu.

Nilisema astaghfirullah kwa sauti mpaka Siti akageuka. Sikumpa mzee yule radhi, kwa kuwa sijui alisimama wapi mlango wetu ulipobishwa. Wala sikumnyima, kwa kuwa namjua aliyesimama baadaye. Lakini sitaki habari ya baba yangu inifikie kwa kufungwa sanda ya mtu mwingine. Nataka itoke mdomoni mwake, mbele ya wanawe, akiwa hai. Kwa hiyo, mnaponiona baada ya sala ya alasiri nimekaa juu ya msala kupita desturi yangu, msinigutushe. Namwombea mtu nisiyelijua jina lake wala sura yake: Mola ampe siha, ampe ulimi mwepesi, ampe umri mrefu.